Nguo ya Kereng'ende

Nafula mama,

Umesema ukirudi kutoka Bisil jioni utapiga simu Cape Town uwaambie huendi kwa ile kazi. Basi niko na hii alasiri moja tu ya kukuzuia, na kwa mdomo siwezi. Unanijua. Nikianza kuongea na wewe, sentensi ya kwanza inakuwa sawa, ya pili inapanda, ya tatu majirani wanazima redio wasikie vizuri. Ndiyo maana nimejifungia hapa dukani Jumapili yote, mlango nusu, na kalamu ya kuandikia vipimo, kwenye karatasi ya khaki ya kukatia paterni kwa sababu nyingine sikupata. Mama yako ameshapita hapa mara mbili akijifanya anatafuta mkasi wa jikoni. Hajanisemesha tangu tutoke kanisani. Anatafuta mkasi, anachungulia kama bado naandika, anarudi ndani kwa chapati zake.

Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia usitembee barabarani ukiwa umeshika simu, wala uombe kabla ya kulala. Hayo mama yako ameyasema, na shangazi zako wa Kimilili wamepiga simu wakayarudia yote mpaka chaji ikaisha. Mimi nataka tuongee juu ya nguo, kwa sababu nguo ndiyo kitu mimi na wewe tumegombania maisha yetu yote, na tukigombania nguo angalau tunaelewana tunagombania nini.

Ijumaa begi lako lilikuwa limejaa, limesimama karibu na kabati, na kila nikipita naliona. Nikakaa mezani nikamwambia mama yako, kwa sauti ya kutosha wewe usikie, kwamba macho yangu yamekwisha. Kwamba siku hizi siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwamba shule zikifungua sijui nani atanishikia hii kazi, labda nifunge duka nirudi nyumbani nikachunge ng'ombe za watu. Uliosha vyombo, ukaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Ulikuwa unatoa nguo.

Nilifurahi. Wacha nikuambie ukweli hata kama ni mchungu. Nilifurahi kabisa, nikaomba ugali mwingine, nikalala fofofo.

Halafu jana asubuhi uliingia dukani kabla yangu. Nilikukuta kwenye meza ya kukatia, umetandika kile kitambaa cha bluu cha sketi za wasichana wa sekondari, unakata. Nikaangalia pindo. Ulikuwa umeacha pindo nene, na mishono ya pembeni umeiachia nafasi ya kupanua baadaye, vile vile mimi huwa nafanya. Wewe! Wewe ambaye tangu uko shule unanisumbua, ati "Baba, hii ni sketi ama ni gunia?" Mimi nakujibu kina mama wa wanafunzi wananunua sketi moja ya miaka yote, lazima niache nafasi ya kukua, na wewe unajibu kwamba mtoto naye anataka kupendeza leo. Jana hukubisha. Ulikata kama mimi, kimya, hata redio hukuwasha. Nikasimama pale na mkasi wangu nikaogopa. Tangu hapo roho yangu iko juu juu. Nakaa, nasimama, nafungua mlango naangalia barabara, nafunga. Mteja amebisha hapa sasa hivi akitaka suruali yake, nimemwambia duka limefungwa, naye anauliza kama limefungwa mimi nafanya nini ndani.

Unajua hilo pindo langu lilitufanyia nini Bisil. Najua unajua. Lakini hujawahi kusikia kutoka upande wangu, kwa hivyo vumilia niirudie yote.

Kasaine alipokuja hapa mara ya kwanza na vitabu vyake vya katuni, nilidhani anauza kalenda. Ukanieleza. Ukasema huyo kijana ndiye anamchora Kereng'ende, yule msichana wa Kitengela anayepaa chini chini baada ya mvua na kusimamisha malori ya wezi wa mchanga. Ukasema watoto wote wa mtaa wa Noonkopir wanamsoma, na sasa wanataka kumfanya muvi, na kazi ya mavazi wamekupa wewe. Nikasema sawa. Moyoni nilisema huyu mtoto nimemlipia chuo ili ashone chupi juu ya suruali. Hiyo hukuisikia, sasa umeisikia.

Ukaniletea mchoro na vipimo vya yule msichana muigizaji, kwa sababu mashine yangu peke yake ndiyo ingeweza kile kitambaa cha kuvutika. Nikaangalia mchoro. Nguo imembana mtu kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu kama amepakwa rangi. Haina zipu, haina kifungo, haina hata mshono. Nikakuuliza, "Sasa huyu akitaka kwenda choo?"

Ukasema, "Kwa katuni hakuna choo, Baba. Hakuna jasho, hakuna kuinama. Anachorwa tu amesimama vizuri. Ndiyo maana wakitaka kufanya muvi wanatuita sisi."

Nikacheka. Ulipoenda nikaacha kucheka. Mimi ni mzee wa kanisa, nashona kanzu za kwaya na sare za shule, sijawahi kumshonea msichana wa watu nguo ya kumchora mwili mbele ya kamera. Nikafikiria mchungaji. Nikafikiria baba ya huyo msichana, na wazee wa Bisil watakaosimama pale wakiangalia. Basi nikaongeza. Nikaongeza kifuani, kiunoni, mgongoni, kwenye mapaja, na sikukuambia. Nikajidanganya kwamba ni nafasi ya kukua. Shujaa wa katuni, nafasi ya kukua! Mtu ambaye hajaongezeka hata kilo moja tangu ukurasa wa kwanza.

Siku ya kupiga picha nikafunga duka nikaja Bisil kuona kazi yangu. Unakumbuka ilivyokuwa, ile sehemu wazi kupita soko la mifugo, wafugaji wamesimama na fimbo zao, mbuzi wanapiga kelele. Wakakusalimia "sopa" nawe ukaitikia kama mtu wa pale, na mimi nikajivuna kidogo. Msichana akapanda juu ya lori na mabawa yake ya waya, akanyoosha mikono ajiandae kuruka. Upepo wa Bisil haukungoja kuambiwa. Uliingia kwa ile nguo kutoka shingoni, na nguo ikajaa. Mgongo ukafura, tumbo likafura, suruali ikapigapiga kama hema la mkutano wa injili. Mzee mmoja akauliza kitu kwa Kimaasai, na vijana wote wakaanguka kwa kicheko. Dairekta wenu, yule dada wa nywele fupi, akamuuliza Kasaine mzee amesema nini. Kasaine naye hakuwa na akili ya kunyamaza. "Anauliza huyu mama atajifungua lini, na ni nani amempandisha lori akiwa kwa hali hiyo."

Dairekta hakucheka. "Nani alikata hii kitu?"

Wewe ulifungua mdomo, najua ungesema ni wewe. Lakini mimi midomo yangu haina breki. "Ni mimi! Na haipunguzwi hata kidogo! Mtoto wa mtu hatasimama uchi mbele ya wazee nikiwa hapa!" Na kama hiyo haikutosha, nikavua koti, nikapanda lori na viatu vyangu vya kanisani, nikamfunika msichana. Niliona nafanya kitu cha maana sana. Nilijiona mimi ndiye shujaa.

Hukupiga kelele. Ungepiga ningejua la kufanya. Ulikuja chini ya lori ukaniambia polepole, "Baba, shuka. Unamwaibisha."

Nikamwangalia. Alikuwa analia. Alikuwa amesimama mbele ya watu wote hao bila wasiwasi mpaka mimi nilipopanda pale na kuwaambia yuko uchi. Hakuna aliyekuwa amefikiria hivyo kabla yangu. Walikuwa wanacheka nguo, na nguo ni yangu, kisha mimi nikawafanya wamwangalie yeye. Aibu niliileta na koti langu kutoka Kitengela. Sijawahi kusema hivi kwa sauti, hata kwa mama yako. Nilimwambia kulikuwa na shida ya upepo.

Mama Naserian, yule anayeuza shanga pale kando ya barabara, ndiye aliwachukua nyinyi wawili nyuma ya kibanda chake. Hata hamkuwa mnamjua. Mlipotoka ulikuwa umebana mgongo wote wa ile nguo kwa vibanio vya kuanikia nguo, kutoka shingoni hadi kiunoni, na mkapiga picha za mbele tu siku nzima. Mimi nikarudi Kitengela peke yangu. Halafu ile nguo ya pili, ile ya kweli, uliishonea kwa Mama Naserian, kwa mkono, wiki nzima ukienda na kurudi. Mashine yangu ilikuwa hapa. Meza ilikuwa hapa. Hukutaka. Iliniuma, Nafula, iliniuma sana, na badala ya kusema imeniuma nilikuwa nauliza kila jioni kwa nini umechelewa.

Nimesimama kidogo nikaangalia barabara. Hakuna mtu. Chapati zinanukia mpaka huku na hakuna aliyeniletea, kwa hivyo naelewa msimamo wa mama yako.

Sasa sikia hii. Walipoionyesha ile muvi hapa Kitengela kwa ukumbi, uliniuliza kama nilikuja, nikasema nilikuwa na mkutano wa kanisa. Hakukuwa na mkutano. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Niliiangalia nguo yako vile fundi anaangalia kazi ya fundi mwingine, nikitafuta makosa. Kwanza rangi. Ile bluu ya kitabu ni kali, ingeng'aa kama sahani ya plastiki. Wewe uliituliza. Nikajua hiyo ni majani ya chai, na hapo magotini na viwikoni umesugua na tofali, mpaka inaonekana ni nguo ya mtu anayeanguka na kuamka kwenye vumbi letu. Akainua mikono. Nikangoja nguo ipande juu kiunoni, maana nguo ya kubana ukiinua mikono lazima ipande. Haikupanda. Nikaona kile kipande cha pembe nne ulichoweka kwapani, na nikasema "ah!" kwa nguvu mpaka mtu akageuka. Halafu mbavuni, pale Kasaine amepiga mistari myeusi kwa wino, wewe ulipanga shanga ndogo za Mama Naserian, pingili kwa pingili kama mwili wa kereng'ende mwenyewe, na akigeuka zinashika mwanga. Hukuinakili picha. Ulimuuliza mchoraji alitaka tuone nini, ukatafuta kitu cha mkono kinachoweza kutuonyesha.

Nilitafuta ule uchi niliokuwa naogopa. Sikuuona mahali popote. Nguo ilikuwa imembana vile vile kama kwa mchoro, na nilichoona ni mtu anayeweza kupaa. Mama Brayo, yule mteja wetu anayetaka sweta ya mtoto wa darasa la kwanza imfikishe darasa la sita, alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga kelele, "Ruka! Ruka mama, wanakuja!" Watu wazima, Nafula. Wanajua ni waya, wanajua ni binti wa watu juu ya lori, na wote wameshika roho mkononi. Nilitaka kuwaambia ile nguo ni ya mtoto wangu. Nilikuwa na kiburi mpaka kifua kinauma. Kabla taa hazijawaka nikatoka, nikarudi nyumbani nikakaa nikikungoja niseme uongo wa mkutano.

Kwa nini? Nimejiuliza leo wakati wa mahubiri yote, usiniulize mchungaji alisema nini. Nadhani niliona umenipita, na sikujua baba anafanya nini mtoto akimpita. Mimi najua kushonea watoto ambao watakua kesho. Wanakuja wadogo, naacha nafasi, wanarudi mwaka unaofuata nafungua pindo. Wewe nilikuwa nakufanyia hivyo hivyo. Kila mara nikifikiria utakua baadaye, kidogo kidogo, nikiwa hapa na mkasi. Kumbe ulishakua na mimi ndiye bado nashikilia pindo.

Sasa watu wa muvi wa Cape Town waliiona ile yenu wakakuita. Ulinieleza kazi yenyewe na mimi nikajifanya sielewi. Nilielewa. Nguo za mashujaa zikitoka kwa mafundi zikiwa mpya, wewe ndiye wa kuzichakaza, kuzipaka moshi na matope, kushona nguo ya kuanguka nayo na nyingine ya kuungua nayo, mpaka mtu akimwona huyo shujaa aamini ametoka kupigana. Nilikuambia hiyo ni kazi ya kuharibu nguo. Ni neno la mtu mwenye wivu. Hakuna mahali hapa Kajiado yote unaweza kufanya hiyo kazi kila siku, na nafasi yako ukiwaambia jioni hii huendi watampa mwingine kesho asubuhi. Hawatangoja macho yangu.

Na macho yangu ni mazima. Yule daktari wa macho aliniambia ni umri tu, nivae miwani. Nilinunua miwani. Iko kwa droo ya vifungo, chini ya vifungo, na mama yako ndiye ameitoa leo akaiweka juu ya mashine. Nimeivaa sasa hivi. Naona hata vumbi la chaki kwenye kucha zangu.

Wacha nikuambie kitu juu ya kukhu wako, mama yangu, ambaye jina lake umelibeba. Siku nilipotoka Kimilili kuja kutafuta kazi ya ushonaji, alikuwa amejikata na jembe mguuni. Mimi nilidhani ni kidonda kidogo. Alibeba godoro langu kichwani mpaka barabarani, akatembea mbele yangu haraka haraka, anaongea, anacheka na kila tunayekutana naye. Akaniambia nenda, na mimi nikaenda. Ni baadaye sana dada yangu aliniambia kwamba gari lilipoondoka mama alikaa chini pale pale, na akarudishwa nyumbani kwa baiskeli, mguu umevimba mpaka gotini, hakusimama mwezi mzima. Alitembea bila kuchechemea ili nisigeuke.

Yeye alificha uchungu aliokuwa nao ili mimi niende. Mimi nimetoa uchungu nisio nao ili wewe ubaki. Nimekaa na hiyo tangu jana.

Kazi ya msimu wa shule, nimeshaongea na fundi Achieng leo baada ya ibada. Anakuja kwa ile mashine yako. Ni mpole kuliko wewe na ananiita mzee, sijui tutaelewana vipi, lakini hilo ni langu. Mama yako ameanza kukunja nguo zako tena, nilimwona kupitia dirisha. Amezipanga kitandani ila hajaziweka kwa begi, anakungoja uamue.

Huko utakata vibaya. Utasimama mbele ya watu na nguo imejaa upepo, na pengine hakutakuwa na Mama Naserian wa kukupa vibanio. Ikitokea, fumua, usianze kutetea mshono kama baba yako juu ya lori. Na ukisikia hofu inashika mkasi, jiulize ni hofu ya nani. Mimi sikuuliza hilo mpaka mtoto wa watu alipolia. Na ukishona kitu ukajua ni kizuri, niite hata kama ni saa ya kazi, nitafunga duka nikuone kwa simu, na safari hii nitakuwa mbele, sitavaa kofia. Pia nataka unieleze kile kipande cha kwapani ulikikata kwa mshazari ama ulifuata uzi wa kitambaa, maana nimejaribu kwa kitambaa cha bei rahisi mara tatu na

Geti limelia. Ni wewe. Mama yako anakuuliza kama umekula, unamwambia umekula kwa Mama Naserian. Anakuuliza begi. Unamwambia ngoja kwanza upige simu.

Usipige. Aki Nafula usipige, weka simu chini, natoka sasa hivi na hii karatasi mkononi. Najua nikifika mbele yako nitasema upuuzi mwingine wa macho ama wa ng'ombe. Usinisikilize. Soma hapa chini, nimeandika kubwa:

NENDA, MAMA. BABA YAKO AMESEMA NENDA.